Mjomba, nimezuia wezi wa waifai, TV ikazimika

Shikamoo mjomba,

Naomba unisaidie kabla sijagombana na kila mtu. Mimi nafanyia kazi nyumbani, nawatunzia watu mahesabu yao kwa laptopu na kuwachapishia ankara. Kwa miezi miwili sasa intaneti yetu ikifika usiku inajikokota kama imefungwa jiwe mguuni. Asubuhi haina neno. Wiki iliyopita nikaambiwa niingie kwenye ukurasa wa ruta, nitaona vifaa vyote vilivyounganishwa. Nikaingia. Mjomba, nilikuta kumi! Nyumbani kwangu kuna vitano tu: simu yangu, simu ya baba watoto, laptopu ya kazi, TV na kishikwambi cha watoto. Basi.

Katika hivyo kumi, niliyoyajua majina yake ni viwili, simu yangu na kishikwambi. Vilivyobaki nakunakilia kama vilivyoandikwa: DESKTOP-8KQ2M1F, HonHaiPr, ESP_4C91A7, ESP_4C9203, BRW na herufi nyingi nyuma yake, android na namba ndefu sana, halafu viwili vimeandikwa Unknown, kimoja anwani yake inaanza na 9E:41 na kingine inaanza na 6A:0F. Hiki cha mwisho nakiona usiku tu. Sisi hatuna kompyuta ya mezani, hiyo DESKTOP ni ya nani? Na hao ESP wawili ni ndugu?

Mwaka jana kijana wa jirani alikuja kuomba paswedi wakati wa mitihani yake, tukampa. Nikajua ni yeye, na amewagawia wenzake. Nikabonyeza kuzuia kwenye vitatu: HonHaiPr, ile 9E:41 na ESP moja, ya kwanza. Dakika haikupita, TV ikakata katikati ya katuni, watoto wakaanza kulia. Jioni mume wangu akarudi, simu yake ikagoma kuingia waifai, akaniuliza kama nimebadilisha paswedi kimyakimya. Hata taa ya sebuleni, ile anayoiwasha kwa simu, ikakataa. Nikaona huyu mwizi ameshajua nimemgundua, sasa ananilipiza. Kesho yake nikakutana na mama wa yule kijana langoni, akanisalimu, sikumwitikia.

Nimeona video ya programu ya kuwakatia watu waifai. Mume wangu yeye anasema tufiche jina la mtandao, litakuwa halionekani. Nifuate lipi? Nitawajuaje hawa watu, na nitawatoaje wasirudi?

Ni mimi mpwa wako,
Niliyevamiwa

*

Marahaba, mpwa wangu.

Kabla hujaendelea kusoma, fungua tena ukurasa wa ruta, uvifungulie hivyo vitatu ulivyovizuia. Wezi uliowakamata ni TV yako, mume wako na taa ya sebuleni.

Usione haya. Barua za namna hii napokea nyingi, na karibu zote zinaanza hivi: mtu amehesabu vyake vitano, ruta inasema kumi. Orodha ile imeandikwa kana kwamba hakutarajiwa mwenye nyumba aisome. Ruta haijui kwamba hii ni simu ya baba watoto. Inachojua ni anwani mbili. Ya kwanza ni ya IP, ambayo imeigawa yenyewe, na majumbani mara nyingi huanza na 192.168. Ya pili kifaa kimekuja nayo, inaitwa anwani ya MAC, nayo ni herufi na tarakimu kumi na mbili zilizopangwa mbilimbili. Jina ni lile ambalo kifaa kimejitambulisha nalo kilipobisha hodi. Vingine vinaingia bila kutaja jina, ndipo ruta inaandika Unknown. Mumeo ndivyo alivyoingia.

Haya, tuishike orodha yako.

DESKTOP-8KQ2M1F ni laptopu yako ya kazi. Windows ikiwekwa kwenye kompyuta na mwenyewe asiipe jina, mara nyingi inajiita DESKTOP, kistari, kisha herufi na tarakimu saba za kubahatisha, hata kama kompyuta yenyewe inakunjwa na kutiwa mkobani. Ukitaka uhakika, fungua mipangilio ya laptopu, sehemu ya mfumo, halafu pale penye maelezo ya kompyuta. Jina lake utalikuta hapo. Shukuru mkono wako haukuangukia mstari huo siku ile.

HonHaiPr ni Hon Hai Precision, kampuni ya Taiwan ambayo wengi wanaijua kwa jina la Foxconn. Hawa hutengeneza vitu vya ndani vya vifaa vya chapa za wengine, na kipande cha waifai kikiwamo. Jozi tatu za mwanzo za anwani ya MAC hutolewa na IEEE, shirika la kimataifa la wahandisi, kwa kampuni iliyotengeneza kipande hicho cha mtandao. Ruta yako imesoma jozi hizo, ikaenda kwenye kumbukumbu zake, ikakuandikia jina la mtengenezaji kwa kifupi. Jina hilo halihusiani na chapa uliyoiona kwenye kasha siku unanunua. Ndiyo maana watu hushtuka kukuta AzureWave, Murata au Liteon ndani ya nyumba zao na hawakumbuki kuwakaribisha. Wewe ulizuia HonHaiPr, TV ikakata. Ushahidi gani tena unautaka?

Hao ESP kweli ni ndugu. Wametoka Espressif, kampuni ya Shanghai inayotengeneza chipu ndogo za waifai zinazotiwa ndani ya balbu, soketi na swichi za kuwashwa kwa simu. Chipu hizo zikiachwa bila kupewa jina, nyingi hujiita ESP_ na kufuatiwa na herufi sita za mwisho za anwani yake ya MAC. Taa ya sebuleni uliigundua bila kutaka. Ya pili itafute: zima swichi ya ukutani ya kila taa ya aina hiyo, moja baada ya nyingine. Kama si taa, angalia nyuma ya kabati na chini ya meza, kuna soketi janja ambayo mumeo aliichomeka siku moja akaisahau.

BRW ni printa. Printa za Brother zikiunganishwa bila waya hujitambulisha kwa herufi hizo tatu na anwani nzima ya MAC nyuma yake. Umeniandikia wewe mwenyewe kwamba unawachapishia watu ankara, halafu ukahesabu vifaa vya nyumba nzima ukairuka. Karibu kila mtu huhesabu hivyohivyo, anahesabu vyenye skrini tu. Saa ya mkononi, spika, kamera, mashine ya michezo, hata mizani ya bafuni siku hizi vinashika waifai na hakuna anayevikumbuka.

Ile ya android na namba ndefu hesabu herufi zake. Zikiwa kumi na sita baada ya kistari, ni simu ya Android ya miaka ya nyuma. Zamani zilikuwa zinajitambulisha hivyo, mpya zimeacha. Fungua droo. Ninachoshuku ni ile simu iliyopasuka kioo mliyosema mtaipeleka kwa fundi, na watoto wameshaifufua zamani. Usiponiamini, waulize wao wakiwa hawajui kwa nini unauliza.

Sasa tuje kwa Unknown wawili, na hapa ninataka uangalie kwa makini, maana ndipo wengi wanapopotea.

Chukua anwani ya 9E:41. Tazama herufi ya pili tu, hiyo E. Halafu 6A:0F, herufi ya pili ni A. Herufi ya pili ya anwani ya MAC ikiwa 2, 6, A au E, anwani hiyo haikutoka kiwandani. Imetungwa na kifaa chenyewe. Simu zilianza kufanya hivi ili maduka na matangazo visiweze kumfuata mtu kila anapopita kwa kutumia anwani moja isiyobadilika: Android ilifanya kuwa kawaida kuanzia toleo la 10, mwaka 2019, na iPhone kuanzia iOS 14, mwaka 2020. Simu hutunga anwani moja kwa ajili ya mtandao wa nyumbani, nyingine kwa ajili ya ofisini, na baadhi huibadilisha tena kila baada ya muda hata kwenye mtandao uleule.

Kwa hiyo ukimpekua mmiliki wa 9E:41 kwenye zile tovuti za kutafuta mtengenezaji, hutapata kitu. Hakuna mtengenezaji aliyesajiliwa kwa anwani ya kutungwa. Ila umeshajua jambo moja kubwa: hicho ni kitu cha miaka ya karibuni, na mara nyingi ni simu, kishikwambi, saa au laptopu. Ya mumeo tumeshaijua. Ukitaka kuithibitisha, chukua simu yake, bonyeza na kushikilia jina la waifai au gusa alama ya mipangilio pembeni yake, utaona mahali pameandikwa anwani ya MAC, na mara nyingi pembeni wameandika kwamba ni ya faragha au ya kubahatisha. Linganisha na ruta.

Inabaki moja. 6A:0F, ya usiku. Hiyo siijui, na wewe huijui. Inaweza kuwa laptopu ya mtu anayekuja kulala kwenu, au saa ya mkononi inayoshika waifai ikirudi na mwenyewe, au huyo kijana. Kwenye orodha ya kumi tumebakiwa na mshukiwa mmoja, na huenda ni mtu mliyempa wenyewe ufunguo. Mtu mliyempa nenosiri hajaiba. Mmesahau tu kulibadilisha mitihani ilipokwisha. Kwa hiyo yule mama wa langoni, kabla hujagusa ruta, mrudishie salamu yake.

Ukifanya uchunguzi huu wa kuzima kimoja kimoja, jihadhari na jambo moja. Ruta nyingi zina orodha mbili. Moja ni ya vilivyoshika waifai sasa hivi. Nyingine ni ya vilivyogawiwa anwani ya IP, na anwani hiyo hugawiwa kwa muda maalumu, kama mtu anavyopanga chumba. Kwenye ruta nyingi za nyumbani muda huo ni saa 24. Kifaa kikiondoka saa mbili asubuhi, jina lake linaweza kukaa kwenye orodha ya pili hadi kesho yake. Nimeshaona mtu akizima simu yake, jina likabaki, akaapa kwamba kuna mtu ameinakili simu yake. Tafuta orodha ya vilivyounganishwa bila waya, na ukizima kifaa ipe ruta dakika mbili tatu kabla ya kuamua.

Na ukishakijua kifaa, kipe jina palepale kama ruta yako inaruhusu. Taa sebule. Printa ya kazi. Simu ya baba. Usiache kwa kesho, kwa sababu kesho utakuwa umesahau 4C9203 ilikuwa ipi.

Haya, kumtoa mtu. Umeuliza nitawatoaje wasirudi, na umeanza na kile kitufe cha kuzuia. Kitufe kile kinazuia anwani, hakizuii mtu. Umeona jinsi simu zinavyojitungia anwani. Mwenye nenosiri akibadilisha anwani yake, kwenye simu nyingi ni kugusa mara moja, anaingia tena kama mgeni mpya na wewe unaanza kumwinda upya. Mimi kitufe hicho nakitumia kwa kazi moja tu: kumnyamazisha mtoto saa ya kulala. Hata hapo mtoto akifika miaka kumi na miwili hivi, anakishinda.

Kinachomtoa mtu ni kubadilisha nenosiri la waifai. Lakini kuna mpangilio, na ukiuvuruga utarudi kuniandikia.

Anza na nenosiri la ruta yenyewe, lile unaloingilia kwenye ukurasa wa mipangilio. Haya ni mawili tofauti: moja la kuingia waifai, jingine la kuingia kwenye mipangilio. Kama la mipangilio bado ni lile lililobandikwa chini ya ruta, au mbaya zaidi ni neno moja linalotumika kwenye ruta zote za aina hiyo, basi yeyote aliyewahi kuwa ndani ya mtandao wako anaweza kuingia, akasoma nenosiri jipya na kuendelea na starehe zake. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno duniani, na silaha yake kubwa ilikuwa orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani ambazo wenye vifaa hawakuwahi kuzibadilisha. Fanya hatua hii laptopu ikiwa imechomekwa kwenye ruta kwa waya, ukiweza.

Ukiwa hapohapo, zima WPS. Ni ile njia ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kuandika namba ya siri yenye tarakimu nane. Tarakimu nane zinaonekana nyingi, mtu angehitaji kujaribu mara milioni mia. Mwaka 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta inathibitisha tarakimu nne za mwanzo peke yake, kisha zinazofuata peke yake, na ya nane si siri bali inakokotolewa kutokana na nyingine. Kwa hiyo zile milioni mia zikaporomoka zikawa majaribio 11,000. Mtu mwenye subira na laptopu hahitaji kukuomba nenosiri. Anaingia kwa mlango huo, na wewe utabadilisha nenosiri mara kumi ukijiuliza anapitia wapi.

Halafu angalia aina ya ulinzi. Chagua WPA3 kama ipo, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 kama una vifaa vya zamani. Taa na printa nyingi hazijui WPA3, zitakataa kuunganika na utadhani zimekufa. Ukikuta imeandikwa WEP, hiyo ilishavunjwa tangu 2001 na haifai hata kwa dakika moja. Ruta isiyojua kingine zaidi ya WEP ipumzishwe.

Sasa nenosiri lenyewe. Linaruhusiwa kuwa na herufi 8 hadi 63, na urefu unakusaidia kuliko alama za ajabuajabu ambazo utashindwa kuziandika kwenye TV kwa rimoti. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, uyaunge. Kwa mfano: kifuniko-tumbili-ngazi-mshumaa. Hilo usilichukue, limeshachapishwa hapa. Usitie jina la mtoto, wala namba ya simu, wala jina lenu na mwaka. Kijana wa jirani anawajua watoto wako kwa majina.

Ukihifadhi, kila kitu ndani ya nyumba kitakatika kwa mpigo mmoja. Usiogope, ndiyo raha ya njia hii. Baada ya hapo kila kifaa kitakuja kuomba nenosiri jipya, na kila kinachoomba kina mwenyewe. Mumeo atalalamika, watoto watalalamika, printa itawasha taa nyekundu au itakaa kimya hadi uikumbuke. Unamwingiza mmoja, unaangalia orodha, unamwandika jina. Mmoja, orodha, jina. Jioni moja inatosha, na ukimaliza unakuwa na orodha ambayo hakuna mstari usioujua. Asiye na mwenyewe hatakuja kuomba.

Ukiamua kubadilisha na jina la mtandao pia, kumbuka nilichokuambia kuhusu simu: kwa jina jipya zitatunga anwani mpya. Utaona Unknown ambao hujawahi kuwaona. Usirudie ya wiki iliyopita.

Ile programu ya kukata watu uliyoiona kwenye video, iache. Nyingi za namna hiyo zinatumia udhaifu wa utaratibu wa mwaka 1982 unaoitwa ARP, ambao vifaa hutumia kuulizana nani ana anwani gani. Utaratibu ule unaamini kila jibu. Programu inakaa kwenye laptopu yako na kuviambia vifaa vingine vyote uongo, kwamba ruta ni mimi, leteni mizigo huku. Kisha mizigo ya unayemchukia inaitupa. Ukiizima laptopu, aliyekatwa anarudi. Wakati inafanya kazi inaweza kuiyumbisha nyumba nzima, na nyingi ya programu hizo zimepakuliwa mahali ambapo wewe mtunza mahesabu ya watu hupaswi hata kupakanyaga. Mlango una kitasa. Badilisha kitasa.

Kuhusu kuficha jina la mtandao, mwambie mkwe wangu, kwa heshima, kwamba halifichiki. Jina linaondoka kwenye tangazo la ruta, lakini kila kifaa chenu kinapounganika kinalitaja hewani, na programu za kuchunguza mawimbi zinalisoma. Tena simu zenu zitaanza kuliita jina hilo kila mnapokwenda, maana haziwezi kulisikia, ni lazima ziulize. Mtapata usumbufu na ulinzi hamna.

Umeniuliza kwa hofu kidogo, ingawa hukulitamka, kwamba huyu mtu anaweza kuwa ameona nini. Mtu aliye ndani ya waifai yako anatumia kasi yako, na anachofanya mtandaoni kinaonekana kimetoka kwenu. Anaweza kujaribu kufikia printa, kamera na mafaili uliyoyaachia wazi kwenye laptopu. Kurasa za benki na barua pepe zimefungwa kwa usimbaji kutoka kwenye kivinjari chako hadi kwao, hazisomeki kwa kukaa tu ndani ya waifai yako. Ila wewe una mahesabu ya watu. Hakikisha kushirikisha mafaili kwenye laptopu kumezimwa, na ujaribu kuweka waifai ya wageni, karibu ruta zote za siku hizi zinayo. Humo wapeleke wageni, taa na zile soketi. Printa na laptopu ziache kwenye mtandao mkuu pamoja, kwa sababu mtandao wa wageni kwa kawaida hautaki vifaa vionane, na ukiitia printa humo ankara hazitatoka. TV nayo, kama watoto wanarusha video kutoka kwenye kishikwambi, vikae upande mmoja.

Na usiku kuwa mzito? Usiweke matumaini yako yote kwenye 6A:0F. Usiku ndio kila mtu yuko nyumbani, majirani wote wamewasha ruta zao, na wimbi la 2.4 GHz linasongamana kwa sababu lina nafasi tatu tu zisizogongana, namba 1, 6 na 11. Chomeka laptopu kwenye ruta kwa waya saa ile ya uzito. Ikienda vizuri kwa waya, shida ni hewa: hamishia simu, TV na laptopu kwenye wimbi jingine la ruta, la 5 GHz, kama ruta yako inalo, na itoe ruta nyuma ya TV kama ndipo ilipo. Ikiwa nzito hata kwa waya huku vingine vyote vimezimwa, shida iko kwa anayekuletea intaneti, na hakuna jirani wa kununiwa.

Ukishabadilisha kila kitu, angalia orodha kwa usiku tatu nne. 6A:0F isiporudi, achana nayo, hutamjua na huna haja ya kumjua. Ikirudi, au ukiona mstari mwingine usio na mwenyewe, na nenosiri jipya halijatimiza hata wiki, usitoke nje kumtafuta. Chukua kishikwambi cha watoto, fungua sehemu ya waifai, gusa palipoandikwa kushiriki. Utaona mraba wa kupiga picha umejaa nukta nyeusi, na kwenye Android nyingi nenosiri lako limeandikwa chini yake kwa herufi za kawaida. Muulize mwenye kishikwambi ameshawaonyesha marafiki wangapi.

Mjomba wako